Mabango ya ukutani: Tuyasitiri au tuyatolee ushahidi?



Wiki tatu kabla ya Ramadhani iliyopita, vijana wa msikiti mmoja huku kwetu Miono walianza kazi ya kubadilisha bati za chumba cha madrasa. Kwa asiyepajua, Miono ni huku ndani katika wilaya ya Bagamoyo. Ukitoka Chalinze kama unakwenda Segera, unakata kulia pale Mandera, na barabara hiyo ukiifuata mpaka mwisho inakufikisha Saadani, baharini. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Mchana nafundisha shule, jioni nasaidia madrasa, kwa hiyo siku hiyo nilikuwepo.

Katika kutoa vitu stoo, vijana walitoa majamvi yaliyooza, mbao za kuandikia na sanduku la bati lililofungwa kwa waya. Ndani ya sanduku hamkuwa na misahafu wala vitabu. Mlikuwa na mabango, yaani zile karatasi kubwa za kubandika ukutani, yamekunjwa mviringo na kufungwa kwa ukili. Lilikuwemo bango la kampeni ya Mtu ni Afya lenye mchoro wa choo na mtungi uliofunikwa. Yalikuwemo ya kisomo cha watu wazima, ya uchaguzi, ya chanjo, matangazo ya maulidi na ya mihadhara.

Wazee wakatueleza kuwa sanduku lilikuwa la muadhini wa zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Marehemu alisoma herufi za Kiarabu tu, za kizungu hakuzijua. Alichokiogopa ni karatasi yenye jina la Allah kuanguka chini ikakanyagwa. Sasa kwa kuwa hakuweza kujua ni karatasi ipi ya Kiswahili ina jina hilo na ipi haina, aliona salama ni kuzichukua zote. Kila tangazo likipitwa na wakati alilibandua taratibu, akaandika nyuma yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu siku, mwezi na mahali alipolitoa, kisha akalihifadhi.

Nakiri mbele yenu kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyesema ziwekwe pembeni zichomwe pamoja na majamvi. Niliona picha za watu, nikaona siasa, nikaona vumbi. Mzee mmoja miongoni mwa wale tunaowategemea kwa busara akaniunga mkono. Akasema, "Ustaadh mwanangu, zitieni moto. Wenyewe wamekwisha kufa. Kufukua kaburi si sunna."

Kiberiti kilikuwa tayari pale kijana mmoja alipokunjua karatasi ya mwisho. Hii haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ni karatasi ya manila iliyoandikwa kwa mkono, kwa makapeni iliyofifia. Ilitangaza kuwa mtu fulani, ambaye sitamtaja, ameliweka wakfu shamba lake la mikorosho kwa ajili ya madrasa na kisima. Mipaka ilitajwa, na chini yaliandikwa majina ya mashahidi wanne. Nyuma, kwa mwandiko wa muadhini, ilisomeka kuwa ilibanduliwa mlango wa msikiti mwezi wa Shaaban 1406, yaani 1986 kwa miladia. Shamba hilo kila mtu analijua. Lipo, lakini halipo mikononi mwa madrasa. Wajukuu wanalimiliki kama urithi, na kipande chake kimekwisha kuuzwa.

Tukazima kiberiti. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka tulitafakari pamoja. Karatasi iliyobandikwa mbele ya watu, halafu wakati wake ukapita, ina haki gani juu yetu? Je, kuitunza ni kufukua makaburi? Au kuichoma ndiko kuficha ushahidi?

Bango ni kauli ya hadharani

Tuanze na bango lenyewe. Kitabu kimeandikwa kikae. Bango limeandikwa lifanye kazi wiki moja au mwezi, kisha lilowe na mvua au libandikwe jingine juu yake. Ndiyo maana watu wengi wanaona ajabu kusikia kuwa kuna maktaba zinazotunza mabango. Lakini bango lina jambo moja ambalo barua ya siri haina. Ni kauli iliyotolewa hadharani, na mara nyingi aliyeitoa ni mwenye mamlaka au mwenye mali. Aliyebandika alitaka kila apitaye asome. Hawezi kesho kusema kuwa alinong'ona.

Pwani hii inayajua mambo hayo kwa muda mrefu. Tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Habari hiyo haikuachwa ibaki kwa mabalozi. Tangazo la Sultani lilibandikwa kwenye jengo la forodha ili raia wake wasome wenyewe. Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, ilikuwa miongoni mwa miji iliyoguswa moja kwa moja na amri ile. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Sultani alilazimika kutoa matangazo mengine ya kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu, kwa sababu walipozuiwa baharini wafanyabiashara waliwapitisha watu kwa miguu kando ya pwani.

Hebu tazama matangazo yale mawili yanavyosaidiana. La kwanza peke yake lingetufanya tuamini kuwa mambo yalikwisha 1873. La pili linashuhudia kuwa hayakwisha. Anayetaka kutusingizia na anayetaka kujisafisha wote wawili wanapata taabu mbele ya karatasi hizo, maana zinathibitisha kuwa biashara ile ilikuwepo chini ya watawala Waislamu, na zinathibitisha pia kuwa shinikizo, amri na ukaidi vyote vilikuwa na tarehe zake. Wapo miongoni mwetu wanaotamani habari hizi zisisemwe kabisa kwa kuwa zinatumiwa dhidi yetu. Mimi naona kinyume chake. Asiye na karatasi yake husimuliwa na mwenzake, na mwenzake humsimulia apendavyo.

Njoo sasa katika zama za wazee wetu. Baada ya Uhuru serikali ilizungumza na wananchi kwa redio, kwa mikutano na kwa mabango. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya yapata watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili malaria, kuhara, minyoo na kichocho. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kampeni za kisomo nazo hazikuwa maneno matupu. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 ya watu wazima, na kufikia 1977 walikuwa asilimia 27. Mtu anayesema zama zile zilikuwa za porojo tu, na aonyeshwe bango la kisomo pamoja na tarakimu hizo.

Lakini ziko ahadi nyingine. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipofika, maji hayakuwa yamefika. Sera ya maji ya mwaka huo huo ikaisogeza tarehe hadi 2002. Mwaka 2002 nao umepita zamani. Ndugu msomaji wa mjini, ukimwona mama wa kijijini na ndoo kichwani alfajiri, jua kuwa anadai deni lenye tarehe mbili zilizokwisha kupita. Lakini atalidai vipi ikiwa hana habari kuwa liliwahi kuandikwa? Anayejua tarehe zote mbili anauliza swali lenye nguvu. Asiyezijua anaambiwa "subirini" naye anadhani anaambiwa kwa mara ya kwanza.

Nani ametutunzia?

Jambo lililonishitua katika kufuatilia suala hili ni kujua mabango ya Afrika yako wapi. Karibu na mji wa Chicago, Marekani, katika mji wa Evanston, kuna Chuo Kikuu cha Northwestern. Humo imo Maktaba ya Herskovits ya masomo ya Afrika, iliyoanzishwa 1954. Maktaba hiyo imekusanya mamia ya mabango kutoka nchi za Afrika, ya uchaguzi, ya afya, ya ukombozi, na imeyapiga picha na kuyaweka kwenye intaneti. Maktaba hiyo hiyo ndiyo iliyonunua mwaka 2002 mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Mwanafunzi wa Bagamoyo anayetaka kuiona pwani yake ya zamani, akikosa hapa, huenda akaipata kule Evanston kwa simu yake ya mkononi.

Siwalaumu wale waliotunza. Kwa haki kabisa, wanastahili shukrani. Wala si kweli kwamba sisi hatuna kitu. Dar es Salaam tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na nyaraka zake za enzi ya Wajerumani ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Zanzibar wanazo nyaraka zao pale Kilimani, na mkusanyo wao wa maandishi ya Kiarabu uliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2003. Humo humo Kilimani yamo majalada ya Kamisheni ya Wakfu tangu enzi za Waingereza. Mtu wa Unguja akibishana na jirani yake kuhusu shamba la wakfu, walau pana mahali pa kwenda kutazama. Huku kwetu vijijini bara, karatasi ya manila mlangoni mwa msikiti inaweza kuwa ndiyo hati pekee iliyowahi kuandikwa.

Kuna mfano mwingine unaofundisha. Mwaka 1978 wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walianzisha shule yao Mazimbu, Morogoro. Mwaka 1992, uhuru wao ukiwa unakaribia, walirudi kwao na wakaikabidhi Tanzania majengo, ambayo leo yanatumiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine. Nyaraka za shule hawakuziacha. Walizipeleka Chuo Kikuu cha Fort Hare, nchini kwao. Watu waliokuwa uhamishoni, wenye shida zao zote, walijua kuwa majengo unaweza kumwachia mwenyeji wako, lakini kumbukumbu unarudi nazo. Sisi wenye miji yetu, hatukufukuzwa na mtu, tunafungia maandazi karatasi zetu.

Hoja za wanaosema zichomwe

Haifai kuzipuuza hoja za upande wa pili, hasa kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa upande huo mpaka kiberiti kilipozimwa.

Hoja ya kwanza ni ya picha. Mabango mengi yana sura za watu, na msikitini si mahali pake. Hilo ni sawa. Lakini tukumbuke habari mashuhuri ya pazia la Bibi Aisha (r.a.). Lilikuwa na picha, Mtume (s.a.w.) akachukizwa nalo lilipokuwa limetundikwa. Likakatwa, vitambaa vyake vikafanywa mito ya kuegemea. Kitambaa ni kile kile, lakini kilipotoka mahali pa kutukuzwa, hali yake ilibadilika. Bango lililomo sandukuni halitukuzwi na yeyote. Kama tunaona uzito kulihifadhi msikitini, suluhisho ni kulitoa msikitini na kulipeleka kwenye ofisi, shule au maktaba. Kulichoma si suluhisho pekee.

Hoja ya pili ni kuwa mabango ni uongo. Watu wamechorwa wanacheka, wamenenepa, mashamba yamestawi, ilhali tunajua kulikuwa na njaa na foleni za sukari. Kwa nini tutunze uongo? Hapa wanazuoni wetu wa hadithi wanatupa somo kubwa. Imam Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima cha hadithi za kuzushwa. Hakukiandika ili ziaminiwe. Alizikusanya ili zijulikane kuwa ni za uongo, zisije zikarudi kwa mlango mwingine zikiwa zimevaa kilemba. Bango halishuhudii kuwa jambo lilitokea. Linashuhudia kuwa fulani alisema hivi, mahali hapa, siku hii. Suratul Hujurat (49:6) inatutaka tuihakiki habari kabla ya kuitendea kazi, na huwezi kuhakiki kauli ambayo umekwisha kuiteketeza. Uongo uliotunzwa pamoja na tarehe yake na jina la msemaji ni silaha ya mkweli.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ndiyo aliyoigusa yule mzee aliposema kufukua kaburi si sunna. Uislamu umetuamuru kusitiri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kumsitiri Muislamu, Allah naye humsitiri duniani na akhera. Ametuhimiza pia tuyataje mazuri ya maiti wetu na tujizuie na mabaya yao. Je, mwenye kutunza karatasi zinazoweza kumwaibisha mtu au kizazi chake, hakiuki amri hiyo? Kwa siku kadhaa sikuwa na jibu.

Kusitiri si kuficha haki

Jibu nililipata katika aya ambazo kila mwaka nawafundisha wanafunzi, nami nilikuwa nikizipita kama zinahusu wafanyabiashara tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) haihusu swala wala funga. Inahusu kuandika deni. Inaamuru liandikwe na muda wake, liwe dogo au kubwa, tusichoke, na wawepo mashahidi. Aya inayofuata (2:283) inakataza kuficha ushahidi, na inasema kuwa anayeuficha moyo wake umeingia dhambini. Angalia kuwa dhambi hapo haikuhusishwa na ulimi ulionyamaza, bali na moyo.

Kwa hiyo tumepewa amri mbili, nazo hazigongani. Kusitiri ni kwa aibu ya mtu baina yake na Mola wake, jambo ambalo kulitangaza hakumrudishii yeyote haki yake. Ushahidi ni pale ambapo haki ya mtu mwingine imefungwa ndani ya jambo hilo. Mlevi aliyejifungia chumbani kwake na akatubu, msitiri. Lakini ahadi iliyotolewa mbele ya watu, deni, wakfu, amri ya mtawala kwa raia wake, hizo hazikuwa siri tangu mwanzo. Mwenyewe ndiye aliyezibandika ukutani. Huwezi kumsitiri mtu kwa jambo alilolitangaza, na hasa lenye haki ya yatima ndani yake.

Mtu anaweza kuuliza, mbona Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru nakala nyingine za Qur'ani zichomwe? Ni kweli, na ndiyo sababu kuchoma karatasi kwenyewe si haramu. Lakini tazama mpangilio wa kazi. Kwanza zilichukuliwa kurasa zilizokuwa zimehifadhiwa kwa Bibi Hafsa (r.a.). Zikanakiliwa na jopo lililoaminiwa. Nakala zikapelekwa katika miji. Baada ya hapo ndipo amri ya kuchoma ikatoka, na kurasa za asili zikarudishwa kwa Bibi Hafsa. Ushahidi ulithibitishwa kwanza, kilichoteketezwa ni kile kilicholeta mkanganyiko. Sisi tunafanya kinyume, tunachoma kwanza, kisha tunaulizana kilichokuwa kimeandikwa.

Na katika wakfu mfano upo wazi zaidi. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, masharti yake yaliandikwa na yakashuhudiwa. Umar alikuwa mtu ambaye neno lake peke yake lingetosha Madina nzima. Aliandika kwa sababu alijua yeye atakufa na ardhi itabaki.

Kilichotokea baadaye

Sasa nirudi Miono. Baadhi ya vijana walitaka tangazo lile lisomwe kwenye kipaza sauti siku ya Ijumaa. Nilikataa, na nadhani hapa ndipo kusitiri kunapopata mahali pake. Ushahidi una njia yake, hupelekwa kwanza kwa mwenye kuhusika. Tulilipiga picha tangazo, mbele na nyuma, tukalitia ndani ya bahasha kubwa, kisha watu watatu tukamfuata mjukuu mkubwa wa marehemu, ambaye anaishi Dar es Salaam.

Nilitegemea ugomvi. Alisoma karatasi mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Ustaadh, hii mlikuwa nayo wapi miaka yote hii? Baba yangu alirithi kwa nia safi na amekufa hajui. Na ninyi mlikuwa nayo stoo."

Sikuwa na la kujibu. Tulikwenda kumdai, tukakuta na sisi tunadaiwa. Karatasi haikufichwa na familia ile. Ilifichwa na uzembe wetu sisi wenye msikiti, ambao kila mwaka tunapitisha kofia ya kuchangia kisima huku hati ya kisima iko chini ya majamvi.

Siku tuliyorudi, yule mzee aliyesema zitiwe moto alinifuata nyumbani baada ya Isha. Nilimwamkia, akaitikia akiwa bado amesimama. Akaniambia, "Mwanangu, jina la tatu katika mashahidi ni langu. Siku ile niliona." Akaeleza kuwa marehemu alipofariki, watoto wake walikuwa wadogo na wenye shida, akaona vibaya kuwanyang'anya shamba. Akasema moyoni atangoja wakue. Walipokua, aliona haya kuwa amenyamaza muda mrefu, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Wenzake watatu walikwisha kutangulia mbele ya haki. Akawa amebaki yeye na karatasi, naye alidhani karatasi haipo tena.

Alianza na huruma, na huruma si kosa. Kosa ni kwamba alimhurumia mtu mmoja kwa mali ya mwingine. Lakini namshukuru Allah kwamba mzee yule alipata nafasi ambayo wengi hawaipati. Katika kikao cha wazee na familia alisimama kwa fimbo yake akatoa ushahidi wake wote, pamoja na ule wa kunyamaza kwake. Familia imekubali kuwa mavuno ya korosho ya sehemu iliyobaki yaje madrasa wakati mazungumzo yakiendelea. Kipande kilichouzwa bado ni mgogoro, kwa sababu aliyenunua naye alilipa fedha zake kwa halali. Sijui kitamalizika vipi. Mzee na familia wameniruhusu niandike habari hii kwa sharti la kutotaja majina, nami nimelitimiza.

Tufanye nini?

Ndugu zangu wa mjini, msidhani haya ni ya Miono peke yake. Misikiti yenu ina dari, ina stoo, ina makabati yaliyopotea ufunguo. Ndani yake yamo matangazo ya michango ya miaka ya nyuma, mabango ya mihadhara, orodha za walioahidi na waliotoa. Kabla ya kufanya usafi wa Ramadhani ijayo, Inshaallah, mteueni mtu mmoja mwaminifu apitie karatasi moja moja. Aandike nyuma yake, kwa penseli, ilikotoka na tarehe yake kama inajulikana, kama alivyofanya muadhini wetu. Aipige picha kwa simu, na picha isikae kwenye simu moja. Zenye haki za watu zipelekwe kwa wahusika na wazee. Zenye historia ya nchi ziulizwe kwenye nyaraka za taifa au maktaba ya chuo. Zenye jina la Allah ambazo hazina kazi tena, na nakala yake ipo, hizo zichomwe au zizikwe kwa heshima kama tulivyofundishwa. Na tunapobandika tangazo jipya, tuandike mwaka. Matangazo yetu mengi yanasema "Jumapili ijayo" tu, na baada ya wiki moja hakuna ajuaye ni Jumapili ipi.

Yule muadhini hakusoma chuo chochote cha utunzaji wa nyaraka, wala hakuweza kusoma sehemu kubwa ya alivyovitunza. Aliogopa tu kuwa huenda ndani ya karatasi limo jina la Mola wake, naye angeulizwa. Mimi mwenye shahada, ninayesoma herufi zote mbili, ndiye niliyeagiza kiberiti.

Sanduku sasa liko kwangu, limewekwa juu ya matofali kwa kuogopa mchwa. Bado kuna karatasi kumi na mbili ambazo sijazikunjua.

Wallahu aalam.